Hii miaka ya mwanga waliipimaje? Kuna mtu alienda na futi kamba?

FundiRedio wa Kahama

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi redio na simu hapa Kahama. Binti yangu yuko kidato cha pili, na jana kaniletea daftari lake. Wameandikishwa kwamba nyota iliyo karibu nasi zaidi, ukiondoa Jua, iko miaka ya mwanga minne na ushei. Akaniuliza, "Baba, walijuaje?" Nikamwambia wana mitambo. "Mitambo gani?" Nikajifanya nina simu ya mteja ya haraka.

Kwamba mwaka wa mwanga ni umbali na si muda, hilo nimelielewa, msinirudishe huko. Hata hesabu yake nimeiweza: kilomita laki tatu kwa sekunde, mara sekunde zote za mwaka, kikokotoo cha simu kikaleta trilioni 9.46. Sawa. Ninachokwama ni namna ya kupima. Kwa kazi yangu najua mambo ya mawimbi: unatuma, yanagonga kitu, yanarudi, unahesabu muda. Kwa nyota ya miaka minne ungetuma leo, ukasubiri minane. Kuna mtu alifanya hivyo? Na zile zinazosemwa ziko miaka milioni, nani alisubiri?

Naomba jibu ambalo naweza kulirudisha nyumbani.

MbishiMstaarabu

Mkuu, usijisumbue. Hao jamaa wanakadiria tu, halafu wanaweka desimali ili tuamini. Na mimi nikisema kutoka hapa hadi mwisho wa anga ni kilomita kadhaa, nani atakwenda kuhakiki?

Bikoni

Fundi, mwambie binti swali lake ni zuri kuliko majibu mengi yaliyomo vitabuni. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Maisha yangu yamepita porini na theodolaiti (chombo cha kupimia pembe) begani, nikisimika bikoni ambazo watu wanazing'oa usiku. Nijibu kwa njia ninayoijua.

Chukua mto mpana, tuseme Rufiji. Unataka upana wake na hutaki kuvuka, kwa sababu mamba wapo na mtumbwi hakuna. Ng'ambo kuna mti. Unapiga kigingi upande wako usawa wa ule mti, unapima mita 100 kando ya mto, unapiga kigingi cha pili. Kutoka cha kwanza unauona mti kwa nyuzi 90. Unahamia cha pili, unauona kwa nyuzi 76. Basi, kazi imekwisha. Pembetatu ina upande mmoja unaoujua na pembe mbili unazozijua, kwa hiyo haina uhuru tena: upana ni mita 401. Sijautupia mto kamba wala sijatuma wimbi likarudi. Zile mita 100 tunaziita mstari wa msingi, na mpima yeyote atakwambia uzuri wa kazi nzima unategemea mstari huo.

Nyota wanazipima hivyohivyo. Tatizo ni kwamba nyota ziko mbali mno kiasi kwamba mstari wa msingi wa mita 100, au hata upana wote wa Dunia, haubadilishi pembe kwa kiwango unachoweza kukisoma. Ndipo wakaitumia Dunia yenyewe kama gari. Leo Dunia iko upande huu wa Jua, baada ya miezi sita iko upande wa pili, karibu kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Hivyo ndivyo vigingi vyako viwili. Unapiga picha ya nyota mwezi wa kwanza, unapiga tena mwezi wa saba, unaangalia imesogea kiasi gani ukilinganisha na nyota za nyuma yake zilizo mbali zaidi. Wataalamu wa nyota huandika nusu ya huko kusogea, yaani pembe inayotokana na umbali mmoja wa Dunia hadi Jua.

Sasa udogo wa pembe hiyo ndio uliowatoa watu jasho kwa mamia ya miaka. Digrii moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60. Theodolaiti niliyozoea, Wild T2, inasoma hadi sekunde moja, na katika fani yetu hicho kilikuwa chombo cha kuheshimiwa. Pembe ya Alpha Centauri, nyota jirani yetu, ni robo tatu ya sekunde. Ili uione hiyo robo tatu: simamisha fimbo ya mita moja Mwanza, kisha uitazame ukiwa Tabora, ukichukulia ardhi ni bapa na hakuna miti. Urefu wa fimbo ile, ncha hadi ncha, unavyouona kutoka Tabora ndiyo pembe yenyewe. Na hiyo ni nyota ya jirani! Za nyota nyingine karibu zote ni ndogo kuliko hapo.

Ukishaipata pembe, hesabu ni ya darasa la saba: 3.26 (miaka ya mwanga ya nyota ambayo pembe yake ni sekunde moja kamili) gawa kwa pembe hiyo kwa sekunde. 3.26 gawa kwa 0.75 ni 4.35. Ukiweka pembe yenye tarakimu zaidi unafika 4.37. Hiyo ndiyo "minne na ushei" ya mwalimu wa binti, au karibu yake: kuna mwenzake mdogo, Proxima, aliye karibu kidogo zaidi, 4.24, ila huyo huwezi kumwona kwa macho. Proxima aligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes, pale Johannesburg.

Mbishi, wewe unasema wanakadiria. Mwaka 1832 na 1833 Mskoti mmoja, Thomas Henderson, alikuwa Rasi ya Tumaini Jema akiipima Alpha Centauri. Rasi hakuipenda kabisa, akarudi kwao na madaftari, akayakalia kwa sababu hakuviamini vipimo vyake. Mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza kipimo cha nyota nyingine, 61 Cygni: pembe ya sekunde 0.314. Mapema 1839 ndipo Henderson akatoa ya kwake, akawa wa pili. Leo pembe ya 61 Cygni inajulikana kuwa 0.286, kwa hiyo badala ya miaka 10 na kitu tunasema 11.4. Mtu aliyetazama kwa jicho lake kupitia lenzi, miaka karibu 190 iliyopita, alikosea kwa mwaka mmoja wa mwanga. Kuna viwanja mjini vimekosewa zaidi ya hapo kwa uwiano.

FundiRedio wa Kahama

Shikamoo mzee Bikoni. Hapo nimekaa. Binti nimemsomea, kaelewa kabla yangu, kachora na pembetatu.

Ila kauliza jambo: hizo kilomita milioni 150 za hadi kwenye Jua walizipataje? Maana ndizo mstari wako wa msingi. Zikikosewa zote zimekosewa.

Bikoni

Marahaba. Huyo binti mlete idara ya upimaji.

Ni kweli, ukikosea hapo umekosea kila kitu. Mwanzoni walitegemea Zuhura ikikatiza mbele ya Jua. Wapimaji walisambazwa duniani 1761 na 1769, kila mmoja akiona sayari ikipita kwenye mstari tofauti kidogo kwa kuwa kasimama mahali tofauti. Nasi tuliiona tarehe 8 Juni 2004, waliojaliwa miwani ya kuangalia Jua, na tena asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 Jua lilipochomoza likiwa tayari na kidoa. Nyingine ni 2117, kwa hiyo tusahau.

Anayenigusa mimi ni David Gill. Mwaka 1877 alikwenda kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, akaipima Mirihi jioni na alfajiri. Usiku mmoja Dunia inazunguka, inambeba mpimaji maelfu ya kilomita, kwa hiyo hahitaji mwenzake upande wa pili wa dunia. Akapata Jua liko karibu kilomita milioni 150. Baadaye akawa mkuu wa kituo cha nyota cha Rasi, na huko akaanzisha wazo la kupima mnyororo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kando ya meridiani (mstari wa longitudo) ya 30, unaopita magharibi ya nchi yetu. Ulikamilika 1954, yeye akiwa amekufa zamani. Wapima wote wa Afrika Mashariki wameufanyia kazi bila kujua, kwa sababu mfumo wetu wa zamani wa majira ya ramani (namba za kuonyesha mahali), Arc 1960, umetoka kwenye mnyororo huohuo. Hati nyingi za viwanja zilizochorwa kabla ya GPS zina mkono wa mtu aliyepima Jua.

Na wewe fundi hukukosea kuhusu mawimbi. Mwaka 1961 walituma rada hadi Zuhura, ikarudi, umbali wa Jua ukapatikana kwa usahihi ambao darubini haikuuweza. Siku hizi haupimwi tena: tangu 2012 wameuweka kwa maafikiano, kilomita 149,597,870.7, kama mita ilivyowekwa. Mwanga wa Jua unatufikia baada ya dakika nane na sekunde 20 hivi. Mwezi nao wanaupiga leza; wanaanga wa Apollo waliacha vioo huko kuanzia 1969, mwanga unakwenda na kurudi kwa sekunde mbili na nusu. Hivyo ndivyo walivyojua Mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Zaidi ya mfumo wa Jua hakuna mwangwi. Ni pembe.

MbishiMstaarabu

Mzee, kwenye pembe nimekubali, nisiwe mjinga. Lakini umesema pembe inapungua kadiri nyota inavyokuwa mbali. Hiyo galaksi ya Andromeda, lile kundi la mabilioni ya nyota, wanasema miaka milioni mbili na nusu. Hapo pembe ipo? Ukinijibu ndiyo nakuaga.

Bikoni

Haipo. Hapo umeuliza.

Pembe zinatufikisha mbali kuliko zamani. Setilaiti ya Ulaya, Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kustaafishwa 2025, imepima nyota karibu bilioni mbili. Lakini nje ya galaksi yetu pembe haisaidii, na hapo anaingia mama mmoja ambaye kwa maoni yangu alistahili kutajwa kabla ya wanaume wote hawa.

Henrietta Leavitt aliajiriwa Harvard kukagua vioo vya picha za nyota (vioo ndivyo vilikuwa filamu yao), kwa ujira mdogo. Vioo vingine vilipigwa Arequipa, Peru, kwa sababu anga la kusini huwezi kulipiga ukiwa Marekani. Katika wingu dogo la Magellan (ni kundi la nyota, si wingu la mvua; hata huku kwetu linaonekana kusini kama moshi, mwezi wa kumi na moja hivi, mbali na taa) alikuta nyota zinazofifia na kung'aa kwa mpigo. Akaona kwamba yenye mpigo mrefu ndiyo yenye mwanga mkali. Na kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, ziko umbali uleule kwetu, basi ile tofauti ya ukali ni yao wenyewe, haitokani na ukaribu. Alitoa hilo 1912, kwa nyota 25.

Fikiria maana yake. Unaihesabu nyota siku za mpigo wake, unajua ina nguvu kiasi gani kweli. Kisha unatazama inaonekana kiasi gani. Umbali ukiwa mara mbili mwanga unapungua mara nne, ukiwa mara tatu unapungua mara tisa. Ukilinganisha nguvu yake na inavyoonekana, umbali unatoka wenyewe. Ila lazima kwanza upate umbali wa chache zilizo karibu kwa njia nyingine, na hapo tunarudi kwa pembe.

Oktoba 1923, Edwin Hubble kwenye darubini ya Mount Wilson akaikuta nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Kwenye kioo alikuwa ameandika N, akidhani ni nyota mpya iliyolipuka. Akaikata, akaandika VAR na alama ya mshangao. Mpigo wake ni kama siku 31. Hesabu yake ikatoa karibu miaka ya mwanga laki tisa. Mpaka siku ile wakubwa walikuwa wanabishana kama kuna kitu chochote nje ya galaksi yetu.

MbishiMstaarabu

Nilijua! Laki tisa, na leo ni milioni mbili na nusu. Haya ndiyo makadirio ninayosema. Mpima ardhi akikosea hivyo si anafungwa?

Bikoni

Angefungwa, ndiyo. Sababu ilijulikana 1952: Walter Baade alionyesha kwamba nyota hizo za mpigo ni za aina mbili, na moja ina nguvu zaidi kuliko nyingine kwa mpigo uleule. Walikuwa wanatumia jedwali la aina moja kwa nyota za aina ya pili. Wakarekebisha, ulimwengu wote ukapanuka mara mbili kwenye makaratasi siku moja. Tazama lakini kosa lilikuwa wapi: lilikuwa katika kutambua aina ya nyota, pembe hazikuwa na neno.

Nikupe na la karibu zaidi. Kilimia, kile kichala cha nyota. Babu zetu walikitumia kulima na kusafiri. Mpaka leo wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Miaka ya 1990 setilaiti ya Hipparcos ilipima Kilimia, ikatoa karibu miaka ya mwanga 390. Waliotumia njia nyingine walikuwa wanapata kama 440. Tofauti ya hamsini, kwa nyota zinazoonekana kwa macho kutoka uwanjani kwako! Wataalamu walibishana zaidi ya miaka 15. Mwaka 2014 wakaunganisha darubini za redio zilizo mbalimbali (fundi, hapo ni fani yako), wakapata kama 444. Gaia ilipokuja ikakubaliana nao. Kwa hiyo desimali haziwekwi tu. Mtu akiweka desimali ya uongo, kuna mwenzake anayemsubiri na chombo kingine.

Mwana wa Ngomeni

Mzee Bikoni, heshima zako. Mimi ni wa Ngomeni huku Malindi, nami nina langu fupi.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza kabisa ya kupima miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapa baharini kwetu. Waliiita Uhuru kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Moja kati ya vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ambayo leo tunaijua kuwa ni shimo jeusi. Umbali wake ulikuwa ukitajwa kama miaka ya mwanga elfu sita. Mwaka 2021 wakapima tena kwa darubini za redio, ikawa zaidi ya elfu saba. Na kwa kubadilika umbali tu, uzito wa shimo lile ukapanda kutoka kama Jua 15 hadi Jua 21. Kitu ni kilekile, hakijaguswa. Kwa hivyo huu umbali si urembo, ndio unaoamua mengine yote.

FundiRedio wa Kahama

Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho kutoka kwa bosi wangu wa kidato cha pili. Kasoma mahali kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, lakini vitu vya mbali kabisa tunavyoona viko miaka ya mwanga bilioni 46. Mwanga ulipata wapi muda? Na ile nyota ya jirani, tukiiona leo bado ipo?

Bikoni

Ya pili kwanza. Mwanga wa Alpha Centauri utakaouona leo ulitoka huko miaka minne na miezi minne iliyopita. Nyota ya namna ile haizimiki kwa miaka minne wala kwa milioni minne, kwa hiyo ipo. Mwezi wa tano, saa nne usiku, mtoe binti nje mtazame kusini. Utaona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili kali zimekaa jirani. Ile ya mbali zaidi na Msalaba, iliyo kali zaidi, ndiyo Alpha. Mwenzake, Beta, anaonekana wa kukaa naye nyumba moja, kumbe yuko kama miaka ya mwanga 390. Macho hayapimi umbali, mwambie aandike hilo. Na akitaka kujua safari: chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo mwaka mmoja tu wa mwanga kinaumaliza kwa miaka elfu 17 na zaidi.

Ya kwanza: wakati mwanga uko njiani, njia yenyewe inarefuka. Ulisafiri miaka bilioni 13.8, sawa, lakini anga nyuma yake liliendelea kutanuka, kwa hiyo mahali ulipotokea sasa ni mbali kuliko ulivyokuwa unatembea. Ndiyo maana kwa umbali mkubwa namna hiyo wao wenyewe wanauliza kwanza: unataka umbali wa wakati ule au wa sasa?

MbishiMstaarabu

Haya mzee, pembe nimekubali, mpigo nimekubali. Huko kutanuka bado. Nani kapima kasi yake?

Bikoni

Huko uendelee kubisha, una wenzako wenye shahada. Wanaopanda ngazi ya pembe, nyota za mpigo na milipuko ya nyota wanapata kwamba kila ukiongeza umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26, galaksi zinatukimbia kwa kilomita 73 zaidi kwa sekunde. Wanaopima mwanga wa kale kabisa kwa setilaiti ya Planck wanapata 67. Kila upande umekagua hesabu za mwenzake mara nyingi na tofauti haijaondoka. Katika upimaji, pembetatu isipofunga hivyo, unarudi kwenye bikoni ya kwanza na kuanza kuuliza nani aliisogeza.